Roboti wa Kesho, Ushirikina wa Jana

Jioni moja nilikuwa katika kivuko nikitoka Kamanga kwenda Mwanza mjini. Karibu yangu vijana watatu walikuwa wameinamia simu moja wakitazama filamu fupi, na sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba sote tulishirikishwa, tupende tusipende. Mambo ya filamu hiyo yalitokea mwaka 2070, katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Viktoria. Roboti aliwasili kutoka mjini, akamwamkia mbuzi shikamoo, kisha akakaribishwa ugali akaupachika mgongoni, mahali pa betri. Abiria tulicheka, nami nilicheka. Baadaye roboti akaanza kupita nyumba kwa nyumba akipima macho ya watu. Alipomfikia bibi kizee mwenye macho mekundu, king'ora kililia, taa ikawaka kwenye paji la uso wake, na bibi akaburutwa kwenda kuchomwa moto. Hapo vijana walicheka kuliko mwanzo.

Hatua mbili kutoka kwao aliketi mama mmoja mzee na tenga lake la dagaa. Macho yake yalikuwa mekundu, kama yalivyo macho ya mama zetu wengi waliopuliza kuni mbichi na samadi kavu jikoni kwa muda wa miaka hamsini. Hakusema neno. Aliishusha khanga yake hadi kwenye nyusi, akageukia ziwani, akakaa hivyo mpaka kivuko kilipofika gatini.

Ndugu msomaji, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga haikuyajua mauaji ya vikongwe kwa kuyasoma vitabuni. Kwa miongo mingi wanawake wazee wamekatwa mapanga usiku kwa kosa la kuwa na macho mekundu, au kwa sababu jirani alifiwa na mtoto, au kwa sababu mrithi aliona shamba linachelewa. Katika miaka ya 1970 hata msako wa wauaji wenyewe uligeuka maafa: watu waliotiwa mbaroni walifia mikononi mwa vyombo vya dola, na Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu ili kuwajibika. Baadaye ikaja zamu ya ndugu zetu wenye ualbino, waliowindwa kama wanyama, hata Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Katika nchi yenye historia hiyo, mtu anayeandika kwamba mtambo wa kisasa umethibitisha uchawi kwa kupima wekundu wa macho hajaandika habari za kesho. Amempa mpiga ramli wa jana cheti cha sayansi.

Najua majibu yatakayotolewa. Wapo watakaosema: huu ni utani tu, mwandishi hana ucheshi. Wapo wengine, hasa katika ofisi zetu, watakaoshangilia na kudai filamu za kutisha zenye vichekesho zipigwe marufuku zote, kwa kuwa kifo si jambo la kuchekea. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: hawaujui utani wenyewe.

Kuchanganya kicheko na hofu si jambo geni kwetu. Zimwi la hadithi za bibi zetu lilitutisha na kutuchekesha kwa pumzi moja. Katika misiba yetu mtani huigiza mwendo wa marehemu, hulala mlangoni, huzuia jeneza mpaka alipwe, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Lakini utani una sheria. Mtani humtania mtu anayeweza kumrudishia. Na siku ya shida mtani huyo huyo ndiye hushika jembe na kuchimba kaburi. Kicheko chake kina wajibu. Je, mama mwenye tenga la dagaa angewarudishia nini vijana wale? Na siku akivamiwa, nani kati yao angekwenda kumlinda? Pasipo majibu ya maswali hayo hakuna utani, kuna uonevu uliovaa kofia ya mchekeshaji.

Hofu ya mitambo nayo si ngeni. Enzi za ukoloni watu wa Afrika Mashariki walisimuliana habari za mumiani, na kutoka Mombasa hadi Kampala gari la zimamoto lilikimbiwa na watu wazima. Hakuna aliyenyonywa damu kwa mpira wa zimamoto, na uvumi huo uliwaponza wengi wasio na hatia. Hata hivyo, hofu ile ilikuwa na chanzo cha kweli: mwananchi aliuona mtambo asioumiliki, ukiendeshwa na mtu asiyemjua, kwa amri asiyoweza kuihoji. Hapo ndipo penye kutisha, wakati ule na leo. Mwandishi anayetaka kututisha na achimbe hapo.

Mfano tunao. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa filamu fupi iitwayo Pumzi. Vita ya maji imekwisha, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo wao husafishwa ili waunywe tena, na ndoto zao huzimwa kwa vidonge. Kwa dakika zisizofika thelathini tunatishwa barabara, na hakuna kikongwe aliyetolewa kafara. Mtazamaji anaweza kutabasamu anapoona mkojo ukigeuka maji ya kunywa, lakini tabasamu hilo hukauka akikumbuka foleni ya ndoo nyumbani kwake.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta visa. Mtumishi gani wa umma asiyeijua kauli ya kwamba mtandao uko chini? Mwalimu mstaafu na asimame mbele ya mashine mwaka 2070 ili kuhakikiwa, nayo imjibu kwa upole kwamba yeye ni marehemu. Akibisha, impe pole kwa msiba wake. Akipiga meza, imwombe apunguze kelele kwa heshima ya wafiwa. Tutacheka, maana tumewahi kusimama pale. Kisha pensheni isitishwe, nyumba ihamishiwe kwa warithi, wanawe waitwe kuchukua mwili, na kila karani anayemwona akipumua aseme hana mamlaka ya kubadili kilichoandikwa. Filamu ikiishia hapo, mtazamaji atakwenda kulala akiwa macho. Akiwa ni karani, huenda kesho yake akamwinulia uso mzee aliye dirishani.

Ndiyo sababu nawaandikia walimu na watumishi. Kijana mwenye simu leo ana kamera, na programu za akili unde zinamtengenezea sura na sauti zisizokuwapo. Anachokosa ni mtu wa kumsomea mswada kabla hajapiga picha. Mwalimu anayesimamia kikundi cha sanaa na amwulize mwanafunzi wake maswali matatu. Nani anachekwa, na je, ana uwezo wa kujibu? Hofu inatoka wapi: kwa mwenye nguvu, au kwa mnyonge aliyesingiziwa? Na taa zikiwaka, mtazamaji atamtazama jirani yake kwa jicho gani? Afisa utamaduni naye asingoje filamu ikamilike ndipo atafute mhuri wa kukataza. Na akae na vijana mapema, awaeleze yaliyotokea katika vijiji vyao wenyewe.

Vijana wale wa kivukoni hawakuwa waovu. Mmoja wao alimsaidia yule mama kubeba tenga hadi nchi kavu, akamwita bibi, wala hakutambua kwamba alikuwa ametoka kumcheka akichomwa moto. Yeye alisahau kabla ya kufika stendi. Mama alikuwa bado ameshusha khanga.