Goma: Namba ndogo kwenye janti ambayo wenye magari ya spoti wanaisahau

GOMA – Mwenye gari la spoti anapotafuta janti zilizotumika, maswali yake ya kwanza ni mawili: ni inchi ngapi, na ni dola ngapi? Swali la tatu linasahaulika mara nyingi. Ni lile la ofseti, namba inayoandikwa kwenye chuma cha janti baada ya herufi ET. Namba hiyo ndiyo inaamua kama gurudumu litakaa mahali pake ao litatokeza nje ya ubavu wa gari, karibu na goti la motari.

Kosa hilo linauma zaidi leo. Tangu M23 ilipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa kwa ndege za abiria. Pesa taslimu ikawa ngumu kupata. Katika hali kama hiyo, kununua beringi mpya ao vipande vya usukani kwa sababu tu ya janti isiyofaa ni hasara ambayo familia nyingi haziwezi kuibeba.

Ofseti ni nini?

Chukua janti na uigawe katikati kwa upana wake. Sasa tazama pale inapogusa kitovu, mahali nati zinapofungwa. Umbali kati ya mstari wa katikati na pale inapogusa kitovu ndio ofseti, na unapimwa kwa milimita. Magari mengi ya leo yana ofseti chanya: mahali pa kufungia pako upande wa nje wa mstari wa katikati, kwa hiyo gurudumu linaingia ndani ya gari. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Ikizidi, linaingia ndani na linaweza kugusa amotisere ao mtambo wa breki.

Tuchukue mfano. Toyota Altezza ilitoka kiwandani na janti ya inchi 17, upana wa inchi 7, ET 50. Mtu anaipatia janti yenye upana wa inchi 8, ET 35. Kuongeza inchi moja ya upana kunaleta milimita 12.7 kila upande. Kupunguza ET kutoka 50 hadi 35 kunasukuma gurudumu lote nje kwa milimita 15. Jumla, ukingo wa nje unasogea karibu milimita 28, ni kusema karibu sentimita tatu. Kwa macho ni kidogo, lakini kwa beringi ni mzigo mwingine kabisa.

Kwa nini? Kwa sababu uzito wa gari sasa unabebwa mbali zaidi na beringi, kama vile mtu anayebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa badala ya kuibana karibu na mwili. Tena, mahali mpira unapogusa barabara panahama kutoka mstari ambao usukani unauzungukia. Kila shimo linavuta usukani kwa nguvu zaidi mikononi mwa dereva. Na mpira unaotokeza nje unarusha mawe na matope kwa wamotari, wasukuma chukudu na watu wa miguu.

Barabara ya lava haisamehe

Mji huu umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilifika Buhene. Mawe hayo yenye makali bado yapo katika njia nyingi za mitaa. Hapo ndipo janti kubwa inapoleta shida ya pili. Mpira wa 205/55 R16 una ubavu wa milimita karibu 113. Ukiweka 225/40 R18, ubavu unabaki milimita 90. Mpira unakuwa mwembamba zaidi kati ya jiwe na chuma, na janti inapinda ao inapasuka kwa urahisi zaidi.

Madereva wa mashindano wanalijua jambo hilo. Katika ubingwa wa dunia wa rali, magari yanatumia janti za inchi 18 kwenye lami, lakini kwenye udongo na mawe, kama Naivasha katika Safari Rally ya Kenya, yanashuka hadi inchi 15 na mipira yenye ubavu mnene. Wenye mwendo mkali kuliko wote ndio wanaochagua janti ndogo pale njia inapokuwa mbaya.

Namba nyingine za kuangalia

ET peke yake haitoshi. Subaru Impreza nyingi za zamani zina nati tano kwenye mduara wa milimita 100, na tundu la katikati la 56.1. Celica ya mwisho ina mduara huohuo, lakini tundu lake ni 54.1. Kwa hiyo janti ya Celica haiingii kwenye Impreza. Ile ya Impreza inaingia kwenye Celica lakini inacheza, na inahitaji pete ya kujaza nafasi hiyo, la sivyo usukani utatetemeka.

Spesa, visahani vya chuma vinavyowekwa kati ya janti na kitovu, vinapunguza ofseti kwa unene wao wenyewe. Spesa ya milimita 20 inageuza ET 45 kuwa ET 25. Kama nati hazipati tena meno ya kutosha ya kushika, gurudumu linaweza kuchomoka njiani.

Nani alinde barabara?

Ujerumani, gari lililobadilishwa janti bila hati ya kibali linaweza kupoteza ruhusa ya kutembea. Kongo ina sheria yake ya barabarani, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Lakini sheria haisomi namba ya ET usiku katika garaji. Anayeisoma ni fundi, na mnunuzi.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, fungua gurudumu moja la gari lako na uandike upana, ET, mduara wa nati na tundu la katikati. Mwombe muuzaji aandike namba zilezile za janti zake kwenye risiti. Funga moja mbele, jaza watu wanne ndani, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili na usikilize kama mpira unagusa. Baada ya kilomita 50 hivi, kaza nati tena. Kazi hiyo inachukua saa moja tu, na inaweza kukuokoa gharama ya beringi na mguu wa motari anayepita pembeni yako.