Hiyo Apu Haijui Mvua

Uliza njia kwa grupu yoyote ya WhatsApp, lazima msee mmoja akujibu: "Si uangalie tu apu?" Sawa, tumeangalia. Inasema panda 125 pale Railways, utafika Rongai. Nauli je? Kimya. Na tone la kwanza la mvua likianguka tao, ile nauli si inaruka mara mbili? Apu haina habari.

Halafu mnasema vijana hatujui mji. Hebu tulieni.

Njia za matatu hazikujichora. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walizunguka ndani ya mat na simu mkononi wakirekodi steji moja moja, wakishirikiana na watu wa MIT na Columbia. Ramani ikatoka 2014, na 2015 njia hizo zikaingia Google Maps. Kazi safi sana. Lakini steji huhamishwa, na makanga huamua mwisho wa safari ni hapa, shukeni.

Dem anayetoka kibarua saa mbili usiku na soo mfukoni hana haja ya kilomita. Anataka kujua kama hiyo soo itamfikisha nyumbani. Makanga anajua bei ya leo. Sacco inajua. Asiyejua ni yule tu anayelipa!

Kaunti, mkihamisha steji, tangazeni siku hiyo hiyo, kwa njia ambayo apu yoyote inaweza kusoma. Na nyinyi wenye sacco, wekeni nauli wazi: ya asubuhi, ya jioni, hata ya mvua. Kama mnajua mtaongeza, mnaogopa nini kuiandika?