Reli ya Nachingwea na Hukumu ya Karanga

Wako watu wasemao kwamba kupanda garimoshi kwa ajili ya kutazama nchi ni anasa ya wageni, na kwamba mzaliwa wa Nachingwea hana haja ya kuisikitikia reli iliyokwisha kung'olewa. Neno hili lina sura ya busara, lakini ndani yake mna kosa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaanza mpango wa kulima karanga katika eka zaidi ya 3,000,000, na Tanganyika ikachaguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa bandari ya Mtwara, na reli ikatandikwa kutoka pwani kwenda bara. Januari 1951 mpango ukavunjwa, na paundi milioni 36 hivi zikapotea. Reli ikabaki kama mjane: mume amekufa, madeni anadaiwa yeye. Mwaka 1962 ikafungwa, kisha vyuma vyake vikang'olewa.

Watetezi wa hukumu ile husema kwamba reli ilikuwa ikila hasara. Ni kweli, wala haifai kukanushwa. Lakini hasara ile ilipimwa kwa mizani gani? Reli ilijengewa karanga, ikahukumiwa kwa kukosa karanga. Mkorosho, uliokuwa ukienea katika mashamba ya wenyeji bila trekta wala kelele, haukuitwa kutoa ushahidi. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho zipatazo tani 145,000, nyingi zikiwa za kusini. Zilipokuja, reli haikuwapo. Zikaachiwa malori na barabara ambazo masika huzigeuza tope. Haraka haraka haina baraka.

Ama habari ya kutazama, abiria wa TAZARA, reli iliyokabidhiwa mwaka 1976, huona wanyama wa Selous, milima ya Udzungwa na bonde la Kilombero, akajua kwamba nchi hiyo ni kubwa na ni yake. Macho ndiyo yaanzayo kumiliki. Reli isiyojulikana ila katika daftari la hesabu hufutwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Reli inayopendwa na watu wake haifutwi kabla ya kuulizwa inambeba nani. Upendo wa namna hiyo si anasa, ni ulinzi.

Reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay imetajwa kwa miaka mingi, na kinywe cha Ruangwa kinahesabiwa katika utajiri wa kesho wa kusini. Reli yoyote itakayojengwa huko kwa mzigo mmoja tu itakufa kifo kile kile. Na iwe na behewa la korosho, la ufuta na la muhogo, na behewa la abiria lenye dirisha pana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini mwenye kusahau shimo lilipo huumwa mara ya pili.