Mafua ya Kuku Morogoro: Vipimo Vitangulie Dawa

Kuku wa mayai wanapokoroma, kutoka makamasi na kuvimba uso, wafugaji wengi katika Manispaa ya Morogoro hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua antibiotiki. Haraka hiyo inaeleweka, kwa kuwa utagaji hushuka ndani ya siku chache ilhali gharama ya chakula haipungui. Hata hivyo, dalili zinazofanana zinaweza kusababishwa na vimelea tofauti kabisa.

Mafua makali husababishwa na bakteria aitwaye Avibacterium paragallinarum, ambaye husambaa bandani kwa kasi. Mafua sugu hutokana na Mycoplasma gallisepticum, anayeweza kupita kutoka kwa kuku mzazi hadi kwa kifaranga kupitia yai. Bakteria huyu hana ukuta wa seli, hivyo dawa za jamii ya penisilini hazimdhuru. Kideri nacho ni ugonjwa wa virusi. Hakitibiwi kwa antibiotiki, bali huzuiwa kwa chanjo.

Hapo ndipo umuhimu wa maabara unapoonekana. Mtaalamu huchukua sampuli puani na kwenye uvimbe wa uso kabla kuku hawajapewa dawa, kisha bakteria huoteshwa na kupimwa ni dawa ipi inawaua. Sampuli inapaswa kufika mapema ikiwa imehifadhiwa kwenye ubaridi, kwani bakteria wa mafua makali hufa haraka nje ya mwili wa kuku. Wakazi wa Morogoro wana bahati ya kuwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, chenye wataalamu wa tiba ya wanyama.

Suala hili linagusa pia afya ya walaji. Dawa isiyo sahihi huacha mabaki kwenye mayai na kujenga usugu wa vimelea, tatizo ambalo Serikali inakabiliana nalo kupitia Mpango Kazi wa Taifa wa mwaka 2023 hadi 2028.

Wafugaji wanashauriwa kumuona daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa, kuwatenga kuku wagonjwa, na kutouza mayai kabla ya muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye dawa kwisha. Aidha, wa maeneo ya baridi ya Uluguru kama Mgeta wasizibe mabanda kabisa, kwani hewa ya amonia itokanayo na kinyesi hudhoofisha njia ya hewa na kuwafungulia bakteria mlango.