Tuache kunakili, tutengeneze kifurushi

Vijana wenzangu, nitasema ukweli hata kama mtaninunia. Shida yetu si laptopu chache, ni tabia ya kunakili.

Huku Paya mtu ana laini ya Uganda, 256, na nyingine ya Kenya, 254. Kile kipande kinachokagua namba za simu tulikinakili kwenye programu tatu za kikundi chetu. Kilikuwa kinakataa namba za Kenya zinazoanza na 01. Tukarekebisha kimoja, tukasahau viwili. Kuna mama hakupigiwa simu siku ya mafunzo. Namba yake ilikuwa sawa, sisi ndio tulikosea.

Wengine mnasema eti tuweke kila kitu kwenye folda moja ya vitu vidogo vidogo. Hiyo ni stoo, hakuna atakayepata kitu humo! Tazameni pyxform, programu huria. Kazi yake ni moja tu: kugeuza jedwali la Excel kuwa fomu. KoboToolbox wanaitumia, ODK wanaitumia. Kosa linarekebishwa mahali pamoja, wote wanachukua toleo jipya.

Basi na sisi: kazi moja, kifurushi kimoja, jina linaloeleweka, maelezo, majaribio. Anayesema hatuna muda, aende amwambie yule mama.