Polisi wa Sarufi, Tulizeni Boli

Andika "everyone are" mtandaoni hapa Kenya uone kitakachokupata. Unaweza kuwa unalalamikia bei ya unga ama karo ya mtoto, haijalishi. Polisi wa sarufi watafika, wapige skrinishoti, wakucheke mpaka ufute. Hoja yako haitajibiwa tena.

Sawa, kanuni ipo. "Everyone", "nobody", "each": maneno haya huchukua kitenzi cha umoja hata yakibeba umati mzima. Kiswahili pia hufanya hivyo. Tunasema kila mtu anajua, si kila mtu wanajua. Hapo sina ubishi. Ubishi wangu ni na hawa polisi, kwa sababu nusu ya sheria wanazosimamia hawazijui.

Chukua "none". Mwaka jana niliandikia mteja makala, nikaweka "none of them are". Akanikata pesa, ati "none" ni "not one", kwa hivyo lazima iwe "is". Bana! Ni kweli neno hilo lilitokana na maneno mawili yenye maana ya "si moja". Lakini Waingereza wamelitumia kwa umoja na kwa wingi tangu Kiingereza cha kale, na kamusi zao zinakubali yote mawili. Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kumwonyesha mtu, lakini kamusi najua kufungua. Nilimtumia ukurasa wenyewe. Akanyamaza. Pesa hakurudisha.

Halafu kuna "everyone has his book". Huyo "his" alitoka wapi na darasa lina wasichana? Shakespeare na Jane Austen walitumia "their" mahali kama hapo na hakuna aliyewanyang'anya kalamu. Ni mwaka wa 1745 ambapo mwalimu Ann Fisher aliandika katika kitabu chake cha sarufi kwamba neno la kiume linatosha wote. Mwaka wa 1850 Bunge la Uingereza nalo likaamua hivyo kuhusu maneno ya sheria zake. Yaani watu walikaa wakaamua, sisi tukameza. Kwa Kiswahili ni kila mtu na kitabu chake, mke kwa mume, na hakuna kesi.

Sasa niambie. Nairobi nzima tunasema "viatu zangu" na "gari yangu", tunaelewana, na hakuna anayekosa kazi. Mbona upatanisho ukivunjika kwa Kiswahili ni utani, lakini ukivunjika kwa Kiingereza mtu anaonekana hana akili?

Jibu tunalijua. "Everyone are" haipimi akili ya mtu. Inafichua alisomea shule gani na karo yake ililipwaje. Hicho ndicho mnachocheka.

Ukitaka kumsahihisha mtu, mvute kando, mwambie kwa heshima. Lakini kwanza mjibu kuhusu hiyo bei ya unga.