Meza Inayofuata Mvua ya Kwingine

Brooklyn, New York



Kunde zile zile zinazotiwa nazi Tanga na kuchemshwa pamoja na mahindi Ukambani, huku ni chakula cha Mwaka Mpya. Kila Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, Wayahudi wenye asili ya Syria, Misri na kwingineko Mashariki ya Kati huzipika usiku wa Rosh Hashanah, mwaka wao unapoanza, na husoma dua fupi juu yake kabla ya kuonja. Desturi hiyo inatoka mbali. Katika Talmudi ya Babeli, Abaye, mwanachuoni wa karne ya 4 aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Iraki, anashauri vitu vitano viwepo mbele ya mtu mwaka unapofunguliwa: mung'unye, jamii ya kunde, liki, mboga ya ukoo wa bitiruti, na tende. Walimu waliokuja baadaye walitafuta dua zinazooana na majina ya mazao hayo. Mkulima yeyote, hata asiyejua herufi moja ya Kiebrania, ataona jambo jingine katika kapu la Abaye: kiangazi cha nchi zile kinapokwisha, hivyo ndivyo vinavyokuwa vimekomaa.

Brooklyn, ambako mwandishi wa barua hii amefanya makazi, ina jamii kubwa ya Wayahudi wa Syria, na mitaa michache kutoka kwao wanaishi Wayahudi wa asili ya Poland, Hungaria na Urusi. Hao wa pili hawana habari na kunde. Wao huchovya tufaha katika asali, husokota duara mkate ambao Sabato nyingine huwa mrefu, na hupika karoti kwa asali. Tufaha nalo ni zao la wakati wake. Jimbo la New York ni miongoni mwa yanayoongoza kwa kilimo cha matufaha nchini Marekani, na Septemba ndipo mavuno yanapopamba moto. Anayelinunua wakati huo katika soko la wakulima la Union Square, lililoanzishwa 1976, analipata likiwa bado gumu na lenye maji, kabla halijahifadhiwa miezi katika vyumba vya baridi.

Waislamu wa kwetu wanajua jinsi Ramadhani inavyorudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, hata mtu akafunga ujana wake katika joto na utu uzima wake katika masika. Kalenda ya Kiyahudi nayo hufuata mwandamo wa mwezi, lakini Torati iliagiza Pasaka iangukie mwezi ambao shayiri inatoa masuke. Ili isihame, mwezi mzima wa 13 huongezwa mara 7 katika kila miaka 19. Hesabu hiyo ndiyo inayoshikilia jiko zima. Zamani, Hekalu la Yerusalemu lilipokuwa limesimama, mganda wa kwanza wa shayiri ulipelekwa wakati wa Pasaka. Zikahesabiwa siku 49, na ya 50 ikawa Sikukuu ya Majuma, ngano ilipokuwa tayari na watu wakaanza kupeleka malimbuko. Baada ya zabibu kusindikwa na nafaka kuingizwa ghalani ikafuata Sikukuu ya Vibanda, ambayo hata leo familia hula vyakula vyake chini ya paa la matawi.

Hekalu lilibomolewa mwaka 70, watu wakatawanyika, lakini kalenda haikuachwa. Hapo ndipo palipo na utamu wa habari hii. Jamii iliyokaa Poland kwa karne nyingi iliendelea kuadhimisha mavuno ya shayiri ya Yudea wakati theluji ya Poland ndiyo kwanza inayeyuka, na jiko likalazimika kutafuta la kufanya.

Chukua meza ya Pasaka. Sheria inataka majani mabichi yachovywe katika maji ya chumvi mwanzoni mwa mlo. Palipo na bustani zenye majani mwezi wa Aprili, hilo ni jambo jepesi. Ulaya Mashariki hapakuwa na jani, kwa hiyo familia nyingi zilichovya kipande cha kiazi kilichochemshwa, na wajukuu zao wa Brooklyn wanachovya kiazi mpaka leo, ingawa saladi imejaa dukani chini yao. Mboga chungu nazo zina hadithi kama hiyo. Mishna inataja mimea mitano inayofaa, na wa kwanza ni ule ambao wengi wanaufahamu kuwa saladi ya majani marefu. Kaskazini mwa Ulaya saladi haikuota mapema kiasi hicho, watu wakachimba mzizi mkali unaowasha pua na kutoa machozi. Nayo haroseti, ule mchanganyiko mtamu unaokumbusha udongo wa matofali ya Misri, kwa wenye asili ya Poland ni tufaha, jozi, mdalasini na divai. Kwa Wayahudi wa Iraki ni asali ya tende iliyonyunyiziwa jozi. Ukiketishwa katika nyumba ya Kiyahudi usiku huo, sahani itakueleza babu zao walikuwa wapi, na baridi ya huko iliisha lini.

Wakati wa Hanuka, mwezi wa Desemba, Wayahudi hukaanga vyakula kwa kukumbuka mafuta ya kinara cha Hekalu. Katika nchi ya zeituni huo ni msimu wa mafuta mapya. Ulaya Mashariki hapakuwa na zeituni, lakini ndio wakati bata bukini walionona walipochinjwa, na shahamu yao ikayeyushwa na kuwekwa, nyingine ikitengwa safi kabisa kwa ajili ya Pasaka. Viazi vilivyokunwa na kukaangwa, ambavyo leo wengi huviona kama chakula cha tangu enzi na enzi, vilingoja kiazi chenyewe kivuke bahari kutoka Amerika.

Sikukuu inayostahili kujulikana zaidi ni ndogo: Tu BiShvat, tarehe 15 ya mwezi wa Shevati, mwaka mpya wa miti. Huangukia Januari au Februari, mlozi unapochanua Israeli. Siku hiyo huliwa matunda, hasa yale ya orodha ya Kumbukumbu la Torati 8:8, ambamo nchi inasifiwa kwa ngano, shayiri, zabibu, tini, komamanga, zeituni na asali, ambayo wafasiri wameichukua kuwa ya tende. Wayahudi wa nchi za theluji walikula maganda makavu ya kharubu, kwa kuwa hayo yaliweza kusafiri bila kuoza. Kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1728, Pri Etz Hadar, kinaeleza mlo kamili wa usiku huo, wenye matunda mengi na vikombe vinne vya divai. Cha kwanza ni cheupe. Cha pili hutiwa wekundu kidogo, cha tatu wekundu unazidi, na cha nne ni chekundu. Wengi huona humo mwaka ukitoka katika usingizi wa baridi kuelekea maua na joto. Katika desturi zote za divai zinazoonekana Brooklyn, hakuna inayoipita hii kwa uzuri.

Maana divai imo karibu kila mahali. Sabato hufunguliwa kwa kikombe chake na kufungwa kwa kingine. Harusi ina yake. Usiku wa Pasaka kila mtu hunywa vikombe vinne. Ili divai iwe kosheri, yaani halali kwa sheria yao, kazi yote kuanzia kukamua zabibu hadi kufunga chupa hufanywa na Wayahudi wanaoshika Sabato, na mti wa zabibu hauvunwi miaka yake mitatu ya kwanza. Aina fulani hupashwa moto mkali kwa muda mfupi sana, na baada ya hapo yeyote anaruhusiwa kuimimina. Wahamiaji wanaohudumu katika kumbi za harusi za Brooklyn wanaijua kanuni hiyo vizuri: chupa zipi waguse, zipi wamwachie mwenyewe.

Kwa miaka mingi divai ya Kiyahudi ya Marekani ilikuwa na sifa ya kuwa tamu kama sharubati, na watu walidhani utamu huo ni agizo la dini. Sivyo. Wahamiaji waliofika New York mwishoni mwa karne ya 19 walikuta zabibu iliyopatikana kwa urahisi ni Concord, aina iliyopewa jina la mji wa Massachusetts ambako Ephraim Wales Bull aliizalisha mwaka 1849. Inastahimili baridi, lakini divai yake ni kali, na bila sukari hainyweki vizuri. Wakatia sukari. Jina la Manischewitz, kampuni iliyoanza kwa kuoka mikate isiyotiwa chachu huko Cincinnati mwaka 1888, baadaye likabandikwa kwenye chupa za divai hiyo na kuieneza nchi nzima. Wakati wa Pasaka hutolewa ile iliyotiwa sukari ya miwa badala ya sukari ya mahindi, kwa kuwa Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki na Kati waliyaweka mahindi, mchele na jamii ya maharage katika vyakula vya kuepukwa siku hizo. Ndiyo kusema, ugali haupo kwao wakati wa Pasaka. Wenye asili ya nchi za Kiarabu wengi hula wali bila wasiwasi, na mwaka 2015 kamati ya sheria ya madhehebu ya Conservative huku Marekani iliwaruhusu wafuasi wake wote kula vyakula hivyo.

Watu wasiokunywa pombe nao wana nafasi yao. Marekani ilipopiga marufuku pombe kati ya 1920 na 1933, divai ya ibada iliruhusiwa, na walaghai wakaigeuza biashara ya magendo. Mwaka 1922 Louis Ginzberg, mwanachuoni wa seminari ya Kiyahudi ya New York, aliandika hukumu ndefu akionyesha kwa vitabu vya kale kwamba juisi ya zabibu isiyochacha inatosha kwa baraka. Hukumu hiyo imewafaa wengi tangu wakati huo: wajawazito, wagonjwa wa ini, na waliowahi kuwa watumwa wa chupa. Inafaa kusemwa wazi, kwa sababu huko nyumbani bado kuna wanaoambiwa kwamba divai nyekundu ni dawa ya moyo. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Kikombe cha baraka chenyewe, kwa kipimo kinachofuatwa na wengi, ni takriban mililita 86, na hakilazimiki kunywewa chote. Sheria ilitaka kionjwe kwa heshima. Ulevi wa mezani watu wameuongeza wenyewe.

Wala jiko hili lisisifiwe kupita kiasi. Donati za Hanuka zilizojazwa jemu ni sukari na mafuta, na asali ya Rosh Hashanah ni sukari hata ikisomewa dua. Faida yake iko kwingine. Kunde zina protini na nyuzinyuzi. Mboga iliyotoka shambani juzi haijapoteza vitamini C kama iliyokaa ghalani. Na mlo mzito una siku yake, ambayo hupita. Kuna na siku ya kufunga, Siku ya Upatanisho, saa 25 bila chakula wala maji, ambayo sheria yenyewe inamkataza mgonjwa aliye hatarini kuifunga. Mwaka wa namna hiyo una milima na mabonde, na mwili unauelewa.

Kwetu kalenda hii inakutana na mawingu tofauti. Pasaka inapofika, Wayahudi huacha kuomba mvua na kuanza kuomba umande, kwa kuwa kiangazi cha Israeli kinaingia. Nairobi, ambako jumuiya ya Kiyahudi ilianza 1904, wakati huo ndipo masika yanapomwagika. Karibu na Mbale, Uganda, Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 na ambayo kiongozi wake Gershom Sizomu alipata urabi huku Marekani mwaka 2008, ni wakulima wa kahawa na migomba wanaosoma sala ya umande huku matope yakiwafika vifundoni. Lubumbashi nako, mwanzoni mwa karne ya 20, walihamia Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes pamoja na nyimbo zao za Kihispania cha kale na sambusa zao za jibini. Karibu wote waliobaki Rhodes walipelekwa Auschwitz Julai 1944, na wachache mno walirudi. Mapishi ya kisiwa hicho yalisalimika kwa walioondoka mapema, wakiwemo hao wa Lubumbashi.

Hata zabibu ya Dodoma inafundisha kitu hapa. Ya Israeli hulala wakati wa baridi na kuvunwa mara moja. Ya Dodoma hailali, mkulima ndiye anayeiamsha kwa kuipogoa, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Kalenda ya kwetu ipo, ila imekaa mikononi na vichwani mwa watu, haikuandikwa popote ambapo mtoto aliyezaliwa ughaibuni anaweza kuisoma. Watoto wa Kiafrika wa Brooklyn wanakula embe la Mexico mwezi wa Juni wakidhani ndio msimu wake hata kwetu.

Kwa hiyo ombi la mwandishi wa barua hii ni dogo, na linaelekezwa kwa shangazi, wajomba na mabibi wote wanaolima au waliowahi kulima. Andikeni, hata kwa ujumbe wa simu: majani ya kunde hutoka lini huko kwenu baada ya mvua ya kwanza, uyoga mwezi gani, mahindi mabichi lini, fenesi na embe dodo lini, na kila kimoja mlikuwa mkikila na nini. Tajeni na kijiji, kwa sababu Lushoto na Pangani hazivuni siku moja. Orodha zitakazofika kabla ya vuli zitapigwa chapa na kugawiwa kwa familia za huku, zibandikwe ukutani jikoni.